Wa Kukaa Naye Nyumba Moja

Aliyenitoa shule si mwalimu wala baba, ni nguruwe pori. Nilikuwa darasa la tatu, kijijini kwetu Handeni, na mahindi ya baba yalikuwa yameanza kubeba. Nguruwe wakawa wanashuka alfajiri, jua likishachomoza nyani wanapokea zamu. Baba akanijengea dungu katikati ya shamba, yaani kichanja cha miti chenye kipaa cha nyasi, akanipa debe bovu na kigongo. Akasema, "Kaa hapo mpaka tuvune, halafu utarudi shule." Nikakaa. Tukavuna. Baada ya mahindi ukaja mtama, na mtama una ndege wake. Mtama ulipokwisha mwalimu alikuwa ameshanifuta kwenye daftari la mahudhurio, na kaptula yangu ya shule anaivaa mdogo wangu.

Sikulia. Nisiseme uongo, nilifurahi. Kulikuwa na nyani dume mmoja aliyenizoea. Nikipiga debe wenzake wanakimbia, yeye anapanda juu ya kichuguu, anakaa, ananitazama mpaka amalize hindi lake, ndipo anaondoka taratibu kama mwenye shamba. Nilikuwa namsimulia mambo. Ya nyumbani, ya mwalimu, ya kaka yangu aliyekwenda Tanga akarudi anavaa miwani isiyo na kazi. Mtu akikaa peke yake juu ya miti kutwa nzima, ama ananyamaza maisha, ama anakuwa kama mimi.

Kusoma kwa kweli nimejifunzia ukubwani. Nilishuka Korogwe nikiwa na ndevu mbili tatu, nikaandikwa kazi ya kukata mkonge, na pale kambini kulikuwa na darasa la watu wazima baada ya kazi. Tunakaa kwenye magogo, mikono imechomwachomwa na miiba, tunachora herufi kubwa kama nyumba. Ndiyo maana mpaka leo naandika polepole, na kalamu nikishaishika siiweki chini kirahisi. Anayesoma avumilie.

Kambini tulilala watu wawili wawili, na aliyepanga nani alale na nani ni nyapara. Nyapara wetu alikuwa mkali, lakini kwa jambo la vyumba alikuwa na akili ambayo sijaiona tena kwa msomi yeyote. Mgeni akifika analala popote wiki mbili. Wiki mbili zikiisha nyapara hamuulizi mgeni mwenyewe tabia zake. Anamwita mtani wake. Sisi Wazigua na Wanyamwezi tumetaniana tangu enzi za babu zetu, tunatukanana hata msibani na hakuna anayenuna, na mtani ndiye mtu peke yake anayeweza kuusema ubaya wako mbele yako ukacheka. Siku yangu ilipofika akaitwa Mnyamwezi mmoja tuliyekata naye mstari mmoja.

"Huyu akoje?" nyapara akauliza.

"Mzigua huyu? Kazi anaiweza. Mwizi si mwizi. Ila mdomo wake hauna kufuli. Mweke na yule kiziwi wa kisimani."

Watu wakacheka mpaka mmoja akaangusha panga. Nikawekwa na kiziwi. Tulikaa miaka sita, hatukugombana hata siku moja.

Mkonge ulipoanguka bei kambi zikapungua, nami nikahamia Korogwe ya zamani, huku karibu na mto, nikaoa, nikawa dalali wa vyumba. Mwalimu mpya akishuka stendi na begi lake, ataletwa kwangu. Nesi akihamishwa kutoka Handeni, kwangu. Nilikuwa nawaoanisha kwa macho. Namtazama mtu anavyoshika ndoo, namtazama anavyomjibu mama ntilie, basi najua huyu nimpeleke kwa nani. Mke wangu alikuwa ananiambia, "Wewe ungekuwa kungwi." Amefariki sasa, amezikwa kule nyuma ya migomba, na miguu yangu ikakataa kuzunguka mitaa. Nikabaki na vyumba vyangu viwili vya kupanga, na benchi barazani.

Hapo ndipo inapoanza habari ya simu, na nisamehewe kwa kuchelewa kufika.

Mjukuu wangu wa kike, mtoto wa binti yangu, alisoma kompyuta Dar es Salaam. Alimaliza, akarudi Korogwe na cheti na kompyuta ya mapajani yenye ufa kwenye kioo. Kazi hakuna. Siku moja akaja barazani.

"Babu, shikamoo."

"Marahaba. Umekuja na njaa au na shida?"

"Vyote viwili."

Nikamwekea bada na kisamvu, maana mimi ugali wa muhogo sijauacha, akala huku anaeleza. Alitaka kutengeneza programu ya simu. Mtu anayetafuta wa kuchangia naye chumba anajiandikisha, anajibu maswali, na simu inamtafutia mtu wanayeendana. Yeye mwenyewe chuoni alikaa na wenzake wanne chumba kimoja, na leo hakuna anayemsalimia mwenzie.

"Yaani simu iwe dalali," nikamwambia.

"Ndiyo, babu."

"Na dalali awe nani?"

"Dalali awe mwalimu wa simu. Nimekuja unifundishe."

Nani anakataa maneno kama hayo? Tukaanza. Yeye anaandika, mimi nasema. Umeme ukikatika tunangoja, bando likiisha tunangoja, kompyuta ikipata joto anaiwekea mfuko wa maji baridi chini yake kama mgonjwa wa homa. Nilidhani kutengeneza kitu cha simu ni kama kupika, unaweka unakoroga kinaiva. Kumbe ni kama kufuma mkeka halafu unafumua, unafuma unafumua. Rangi ya kitufe tu ilituchukua siku mbili. Alichora kwanza kwenye karatasi, vibao vidogo vidogo vya mstatili, anavibandika ukutani kwangu kwa ugali, kuku wanakuja wanadonoa.

Maswali yake ya kwanza aliyatoa kichwani mwake. Je, wewe ni msafi? Je, unapenda utulivu? Je, unavuta? Unasoma, unagusa ndiyo au hapana. Akawapa wanafunzi wa chuo, walimu wapya, vijana wa Hale na wafanyabiashara wadogo wa Segera wanaouza machungwa na karanga kwenye magari. Watu arobaini na kitu wakajibu. Akaja kwangu asubuhi, uso umelegea.

"Babu, wote wasafi."

"Wote?"

"Wote. Wote wanapenda utulivu. Hakuna anayevuta, hakuna anayekoroma, hakuna mvivu. Programu inasema kila mtu anaendana na kila mtu asilimia mia."

Nikacheka mpaka kifua kikaniuma. Akanuna. Nikamwambia Korogwe yote imekuwa peponi bila sisi kupata taarifa.

Nikamsaidia maswali mengine, ya kidalali. Nikasema usimuulize mtu kama ni msafi, muulize ndoo ya maji ikiisha nani anachota. Muulize ndugu zake wakija hospitali kutoka kijijini wanalala wapi, na siku ngapi. Muulize akiwa anakula na mwenzie yupo kitandani, atamkaribisha? Na akikaribishwa yeye kila siku, atakula kila siku? Kandambili anaazimisha? Mjukuu akaandika, akafumua programu, akafuma upya. Wiki tatu. Watu wakajibu. Safari hii aliacha nafasi waandike kwa maneno yao, na wote, nasema wote, waliandika neno moja: hamna shida. Ndugu zako wakija? Hamna shida. Mwenzio akileta mgeni? Hamna shida.

Nesi mmoja na mwalimu mmoja wa kike, wote hamna shida kumi na mbili kwa kumi na mbili, wakapewa chumba kimoja. Siku ya nne shangazi wa mwalimu akaja na mgonjwa na mkungu wa ndizi, wakalala kitandani kwa nesi wakati nesi yuko kazini. Walioamua ugomvi ule walikuwa majirani watatu, na mkungu wenyewe uliishia mtaroni.

"Kwa nini hawasemi ukweli?" mjukuu wangu akaniuliza. Alikuwa amechoka, macho yamekuwa mekundu.

"Mama, wewe ukienda kwa mtu ukaulizwa chai ina sukari ya kutosha, unasemaje?"

"Nasema inatosha."

"Hata kama haina?"

Sisi huku tumelelewa hivyo. Kumwambia mgeni 'hili sipendi' kabla hata hamjala pamoja ni kukosa adabu, na mtu anaona simu nayo ni mgeni. Ndipo nikamsimulia habari za nyapara na watani. Akasikiliza kijiko kikiwa hewani.

"Babu, vijana wa siku hizi hawana watani."

"Wanao. Si wale rafiki zao wanaowaita mbuzi kwenye simu? Hao hao."

Akafumua tena. Sasa mtu akijiandikisha hajibu chochote. Anatoa namba ya mtani wake, na maswali yanakwenda kwa mtani. Bila mtani, mlango haufunguki. Majibu ya siku ya kwanza tuliyasoma barazani tukilia kwa kicheko, na mama jirani akaja kuuliza tumepata habari gani. Mtani mmoja aliandika kuhusu mwalimu kijana: "Anaoga Jumamosi, na hapo awe na miadi." Mwingine: "Atakula dagaa zako halafu atakusaidia kumtafuta paka." Mwingine, wa binti wa Segera: "Moyo wa dhahabu, ila akishika simu na mama yake anapiga kelele kama anaita basi." Na wote walioandikwa hivyo walisoma, wakacheka, wakasema ni kweli. Wakapangwa kwa ukweli wao. Wengi wakakaa. Wale wa kwanza kupangwa na watani mpaka leo wanakaa, na programu ipo, watu wanaitumia, mjukuu wangu amepata cha kufanya. Hilo namshukuru Mungu.

Tatizo nilikuwa mimi.

Katikati ya kazi hiyo niliteleza bafuni. Bafu letu liko uani, la mabati, na sabuni ilikuwa imekaa chini. Nilianguka saa mbili asubuhi nikalala pale mpaka adhana ya adhuhuri, jirani alipokuja kuoga akanikuta. Hakuna kilichovunjika ila habari zilifika Handeni kabla sijavaa shati. Mwanangu mkubwa anakaa Handeni mjini. Akaja na gari.

"Baba, utakufa chooni peke yako, na mimi nitaambiwa nilikutupa."

"Kufa popote ni kufa."

"Baba, mimi sitanii. Twende nyumbani ukapumzike."

"Nimechoka kupumzika hata sijaanza."

Akaangalia pembeni. Ni mtoto mzuri, msimwelewe vibaya. Nyumba yake ina vigae mpaka jikoni, ina geti, ina luninga kubwa kama mlango. Lakini asubuhi wote wanatoka, mkewe kazini, watoto shule, geti linafungwa, na wewe umekaa kwenye kochi kama mzigo unaosubiri mwenyewe. Hakuna anayepita. Korogwe ya zamani, nikikaa kwenye benchi langu, mpaka saa nne nimeshasalimiana na watu ishirini. Na mke wangu yuko pale nyuma.

Mwishowe tukakubaliana. Masika ikiisha, kama nimepata mtu mzima wa kukaa naye nyumba moja, mtu wa kunisikia nikianguka, atakuja Ijumaa moja amwone kwa macho yake na hatasema tena. Kama sina, siku hiyo hiyo napanda gari. Nikasema sawa.

Mjukuu wangu akafungua programu. "Babu, nipe namba ya mtani wako."

Mtani wangu alikufa. Yule Mnyamwezi alirudi kwao zamani, na miaka michache iliyopita ikaletwa habari. Wengine wote wa kambini wamekwisha. Nikamwambia, "Niandike mwenyewe. Nitajijibia."

"Babu, si umesema bila mtani mlango haufunguki?"

"Ni mlango wa nani? Si wa kwetu?"

Alikuwa amechoka, siku ile alikuwa amekwenda Handeni kuwafundisha watu kutumia programu na kurudi. Akabonyeza anapojua yeye, mlango ukafunguka. Akanisomea maswali nami nikajibu. Unakoroma? Kidogo. Wageni? Wanakaa barazani tu. Ni mtu wa maneno mengi? Nikafikiri. Nikasema, "Wastani."

Aliinua macho akanitazama. Halafu akaandika wastani.

Aliyepatikana alikuwa mtu wa makamo, Mmasai wa kule nyikani Handeni. Ukame ulimmalizia ng'ombe, akaja Korogwe kulinda mashine ya kusaga, zamu ya mchana. Mtani wake alikuwa mwenzie wa mashineni, Msambaa, na aliandika: "Hasemi. Ukimwona anacheka, jua ng'ombe kazaa. Anataka mahali pa utulivu tu, hana kingine." Simu ikasema tunaendana asilimia tisini na mbili. Nikaona mambo ndiyo hayo.

Na alikuwa mtu, walahi. Alikuja na godoro, ndoo na fimbo. Asubuhi anachota maji kabla sijaamka, anasugua sakafu ya bafu kwa mchanga, anachemsha maziwa na kuniwekea kikombe changu dirishani. Nikiwa bafuni anasimama nje ya mabati, anakohoa mara moja tu ili nijue yupo. Siku moja goti lilinikataa mlangoni, akaninyanyua kama ndama, akanikalisha, akaenda kazini. Nilipata usingizi wa kweli kwa mara ya kwanza tangu nifiwe.

Nami nikamshukuru kwa kilichopo kwangu, nikamsimulia. Alfajiri namsimulia, akirudi namsimulia. Mkonge, nyapara, vyumba nilivyopangisha na watu waliohama bila kuaga, mke wangu alivyokuwa anasonga ugali. Yeye anasema "Ee." Siku za mwanzo alikuwa anasema "Ee, mzee." Baadaye "Ee" tu. Baadaye kichwa tu.

Akaanza kuchelewa kurudi. Jirani akaniambia amemwona amekaa ukutani nyuma ya mashine, imeshafungwa, anatazama tu barabara. Akirudi anaosha sahani yake, anaiosha tena.

Mjukuu wangu akaja kutusalimia. Programu yake ina swali linalokuja baada ya wiki mbili, kumuuliza kila mmoja hali ikoje. Akanionyesha jibu la yule bwana. Aliandika: hamna shida.

"Unaona?" nikamwambia. "Ameridhika."

"Babu." Akaweka simu mapajani. "Hilo neno ndilo lililotupotezea miezi minne."

"Huyu ni mtu mzima, si kama wale watoto wako."

"Mwachie nafasi kidogo, babu."

"Chumba chake si anacho?"

Alinifungia kitambaa cha goti, akaondoka. Nilielewa alichosema, nisijifanye. Nikajaribu siku nzima kunyamaza. Jioni yule bwana alirudi, akakaa, tukakaa. Nilisikia kuku wa jirani wakipanda kulala. Nilisikia moyo wangu. Nilihesabu mabati ya paa, yalikuwa kumi na manane, kisha nikamwambia yalikuwa kumi na manane, na nani aliyapigilia, na kwa nini la tisa linavuja. Maneno yakafunguka yote tena. Nikiwa kimya nyumba ile inakuwa bafu, na mimi niko chini, nangoja adhana.

Ikafika Ijumaa ya mwanangu. Masika ilikuwa imekwisha, matope yamekauka. Mwanangu alisema atafika saa nne. Yule bwana alikuwa ameomba ruhusa kazini kwa ajili yangu, na alfajiri alichemsha maziwa kama kawaida. Nikamwambia, "Akikuuliza, wewe mwambie tu unakaa hapa na utaendelea kukaa. Hatataka mengi."

"Ee."

"Usiogope gari lake. Anapenda kuonekana mkubwa lakini ni mtoto laini. Alipozaliwa..." Na nikaanza alipozaliwa, na lori lililombeba mama yake kwenda hospitali, na dereva wa lori, ambaye alikuwa amebeba mbuzi wa watu, na lori likazimika Segera, njia panda, mbuzi wakashuka wakaingia kwenye vibanda vya wauza machungwa, na mama wa watu anaumwa uchungu juu ya magunia.

Akasimama. Akachukua fimbo yake nyuma ya mlango.

"Mzee, nakuja."

"Ngoja, sijafika penyewe."

Akangoja. Alisimama pale mlangoni ameegemea fimbo, shuka begani, akanisikiliza mpaka mbuzi wote walipokamatwa na mtoto akazaliwa salama. Nilipomaliza alitikisa kichwa kwa heshima, akatoka. Nilimwangalia akivuka uwanja, akampisha mama jirani na ndoo zake. Njia ya mashineni ni ya kushoto. Yeye alishika ya kulia, inayokwenda barabara kuu ya Segera, kwa mwendo wake uleule mrefu, hakuongeza wala hakupunguza. Godoro lake lilikuwa chumbani na ndoo yake uani. Saa nne mwanangu alinikuta peke yangu. Yule bwana hakurudi tena, wala hakutuma mtu kuvifuata.